Ukihama Kampuni ya Bima: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mwenye Nyumba na Gari Kisarawe

Kuhama kampuni ya bima ni haki yako. Wazazi wetu hawakuwa nayo. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 likabaki peke yake sokoni Tanzania Bara. Aliyeudhika na huduma alivumilia, kwa sababu hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilifungua soko, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inayosimamia kampuni zote tulizo nazo leo.

Haki hiyo inatumiwa ovyo. Mtu wa Kisarawe anayeishi jirani na msitu wa Kazimzumbwi, mwenye nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi na gari alilolinunua kwa mkopo, anahama kampuni kwa simu moja ya wakala asiyemjua, kwa sababu ameambiwa ataokoa elfu thelathini. Hakusoma mkataba wa zamani, na mpya hajauona. Siku nyumba ikiungua au gari likipinduka kwenye mteremko wa Pugu, ndipo anapofungua bahasha kwa mara ya kwanza.

Bima hukatwa kwa ajili ya siku ya hasara. Siku nyingine zote ni karatasi tu. Kwa hiyo kila unachokifanya unapohama kipime kwa swali hili: siku ya hasara, nitalipwa? Yafuatayo yasome kwa swali hilo, na uyafuate bila kuruka hata moja.

MAMBO YA KUFANYA

1. Soma mkataba ulio nao kabla ya kutafuta mwingine.

Toa hati kabatini, kaa nayo mezani, shika kalamu. Tafuta mambo manne na uyapigie mstari: thamani iliyoandikwa ya nyumba au gari, mambo ambayo kampuni imesema haitayalipia, kiasi cha kwanza cha hasara utakachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na kifungu kinachoeleza namna ya kusitisha bima. Huwezi kujua kama unakokwenda ni kuzuri kuliko unakotoka kama hujui ulipo.

Kama unachomiliki ni risiti na stika tu, hati yenyewe hujawahi kuiona, idai leo. Aliyelipa ada ana haki ya kupewa hati kamili. Hati nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Mtake wakala akueleze kila kifungu kwa Kiswahili, na asiyeweza kukueleza usimpe fedha yako.

2. Pima upya thamani ya nyumba, kwa gharama ya kuijenga upya.

Hapa ndipo wenye nyumba wengi wa Pwani wanapoumia. Wako wanaotaja bei ya kuuzia, kiwanja kikiwemo. Kiwanja hakiungui wala hakiibiwi, kwa hiyo usikilipie ada. Wako wengine, na ndio wengi, wanaotaja kiasi walichotumia walipojenga, kana kwamba saruji, nondo na bati bado zinauzwa kwa bei ya mwaka ule.

Tazama hesabu hii. Nyumba ya vyumba vitatu ya tofali za saruji ilijengwa kwa shilingi milioni 35, na mwenyewe akaikatia bima kwa milioni 35. Leo fundi akiijenga upya, kuanzia msingi, kenchi, bati la msauzi, dari ya jipsamu hadi madirisha ya aluminiamu, itagharimu milioni 70. Moto unaanzia jikoni, unakula jiko, korido na sehemu ya paa. Hasara ni milioni 20. Mwenye nyumba anasema moyoni, "Nina bima ya milioni 35, milioni 20 zimo ndani." Hazimo. Mikataba ya bima ya majengo ina kanuni ya uwiano: ukikatia nusu ya thamani, unahesabiwa umejibebea mwenyewe nusu nyingine, na kila hasara unalipwa nusu yake. Atapewa milioni 10, tena baada ya kutoa kile kiasi cha kwanza anachobeba mwenyewe. Milioni 10 zilizobaki atazitafuta kwa ndugu.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu ya kampuni mpya, mwite fundi unayemwamini au mkadiriaji majengo, akupe makadirio ya maandishi ya kujenga upya kwa bei za sasa. Ongeza gharama ya kuondoa kifusi. Hiyo ndiyo thamani ya kuandika. Samani, friji, televisheni na paneli za sola ziorodheshe peke yake, kwa sababu bima ya jengo hailipii vilivyomo ndani isipokuwa mkataba umesema hivyo.

3. Pima upya thamani ya gari pia.

Gari ni kinyume cha nyumba: thamani yake inashuka. Kiwango kilichozoeleka cha bima kubwa ya gari dogo la binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani, juu yake VAT ya asilimia 18. Gari la milioni 20 linalipiwa 700,000, na VAT inafikisha 826,000. Kama miaka mitatu imepita na gari hilo sokoni sasa ni milioni 12, ada yake ni 420,000, na VAT inafikisha 495,600. Tofauti ni 330,400. Anayeendelea kuandika milioni 20 analipia thamani ambayo hatapewa, kwa sababu gari likiteketea au kuibiwa kampuni inalipa bei ya soko ya siku ile, haiangalii namba uliyoiandika kwa kujipendelea.

Usiishushe vilevile ili ulipe kidogo. Ukweli wa bei ndio kinga yako.

4. Hakiki leseni ya kampuni na ya wakala.

TIRA inatoa orodha ya kampuni, madalali na mawakala waliosajiliwa. Ikague mwenyewe. Jua pia unaongea na nani: wakala anaiwakilisha kampuni, dalali wa bima anapaswa kukuwakilisha wewe, na benki inayouza bima ni mlango tu wa kuingilia kwa kampuni nyingine. Uliza jina la kampuni itakayobeba hasara yako na uliandike.

Leseni ni hatua ya kwanza tu, kwa sababu kampuni yenye leseni leo inaweza kuzidiwa kesho. Jirani zetu Kenya wanayo mafunzo ya kutosha: Blue Shield iliwekwa chini ya usimamizi maalumu mwaka 2011, Resolution mwaka 2022, Xplico mwaka 2023. Wenye bima walibaki na hati mkononi na madai yasiyolipwa. Kampuni inayokimbilia kuuza kwa bei ya kutupa huku wadai wake wanazungushwa ni kampuni ya kuogopa.

5. Uliza walivyolipa. Walivyouza haikusaidii.

Anayesifia kampuni kwa sababu ilimkatia bima haraka hajakuambia kitu. Kuuza ni rahisi. Tafuta mtu aliyepata hasara na kudai: mwenye lori la mchanga, mwenye duka lililoibiwa, mwalimu aliyegongwa Gongo la Mboto. Muulize alidai lini, alilipwa lini, alilipwa kiasi gani kati ya alichodai, na nani alipokea simu yake.

Kisha iulize kampuni yenyewe maswali ya mahali unapoishi. Gari likiharibikia kwenye barabara ya Maneromango wakati wa masika, ukiwa mbali na lami, nani analipia kulivuta? Mkadiriaji wa hasara atafika Mzenga, au utatakiwa ulipeleke gari Dar es Salaam kwa gharama yako? Gereji zao zilizoidhinishwa ziko wapi? Vipuri vitakuwa vipya au vya mtumba? Madai nayawasilisha kwa wakala wa Mailimoja, Kibaha, au ni lazima niende makao makuu mjini? Majibu yaje kwa maandishi, barua pepe au ujumbe wa simu, ambao utautunza. Wakala anayesema "usijali, tutakusaidia" hajajibu swali lolote.

6. Omba barua ya historia ya madai.

Kama umekaa miaka kadhaa na bima kubwa bila kudai, umejipatia sifa yenye thamani ya fedha, kwa sababu kampuni nyingi hutoa punguzo kwa asiyedai. Sifa hiyo haihami yenyewe. Omba barua kutoka kampuni unayoiacha, yenye muhuri, inayoonyesha miaka uliyokuwa nao na madai uliyowahi kutoa. Iombe kabla hujaondoka. Ukishaondoka unakuwa mtu wa kuambiwa "njoo kesho".

7. Kama kuna mkopo, anzia benki.

Nyumba iliyowekwa rehani na gari la mkopo vina mwenye haki mwingine. Jina la benki limo kwenye hati ya bima kama mnufaika, na mkataba wa mkopo unaweza kuwa umeitaja hadi aina ya bima unayotakiwa kuwa nayo. Ukihama bila ridhaa ya benki umevunja mkataba wa mkopo, na benki ina uwezo wa kukukatia bima nyingine kwa chaguo lake na kukutoza wewe. Peleka pendekezo la kampuni mpya kwa afisa mikopo, pata kibali cha maandishi, ndipo uhame.

8. Fananisha vitu vinavyofanana.

Ukiomba bei kwa kampuni tatu, zote zipe taarifa zilezile: thamani ileile, matumizi yaleyale, majanga yaleyale. Kwa nyumba, taja kila janga kwa jina: moto, radi, upepo, mafuriko, wizi wa kuvunja, mti kuangukia paa, gari kugonga ukuta. Kwa anayepakana na mashamba ya mikorosho yanayosafishwa kwa moto, au aliye karibu na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, uliza wazi kama moto unaotoka nje ya eneo lako unalipiwa. Kwa aliye bondeni, uliza mafuriko kwanza kabla ya lolote. Kampuni iliyo nafuu kwa elfu hamsini mara nyingi imeondoa janga moja kwenye orodha, na huenda ndilo linaloikabili nyumba yako.

Kama unahamia takafuli, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu, kwa sababu ya imani yako, ni vyema, lakini vipimo havibadiliki: leseni, majanga yanayolindwa, na rekodi ya kulipa.

9. Panga tarehe ili bima mpya ianze pale ya zamani inapoishia.

Anza maandalizi mwezi mmoja kabla ya bima kwisha. Angalia siku na saa ya mwisho kwenye hati. Hakikisha hati mpya inaonyesha kuanza mara hiyo, pasipo pengo. Kisha iandikie kampuni ya zamani barua kwamba huhuishi, na kama benki yako inakata ada kila mwezi kwa agizo ulilosaini, lifute agizo hilo kwa maandishi.

10. Hakiki stika kwa mkono wako.

Stika ya gari sasa ni ya kielektroniki, na mfumo wa TIRA MIS uko wazi kwa kila mtu. Kabla hujaachana na aliyekuuzia, shika simu yako, ingia kwenye mfumo, andika namba ya gari. Soma kinachotokea herufi kwa herufi: namba ya usajili, jina la kampuni, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, na kama ni bima kubwa au ndogo. Namba ikipishana herufi moja, irekebishwe palepale. Gari lisipoonekana kwenye mfumo halina bima, hata ukipewa karatasi yenye rangi zote na mihuri yote. Trafiki wa Barabara ya Morogoro ataangalia mfumo huohuo.

11. Tunza hati za zamani kwa miaka 6.

Ajali iliyotokea wakati wa kampuni ya zamani ni mzigo wa kampuni ya zamani, hata kama aliyegongwa atafungua shauri baada ya wewe kuhama. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Ukiwa umezichoma karatasi, utakosa pa kushika. Zipige picha, zihifadhi kwenye simu na kwa mtu wa pili wa familia. Mke, mume au mtoto mkubwa ajue kampuni ni ipi na hati iko wapi, kwa sababu siku ya ajali mwenye gari anaweza kuwa kitandani Hospitali ya Tumbi asiweze kusema.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usihame kwa sababu ya bei peke yake.

Bei ni sababu halali, lakini isiwe sababu pekee. Na bei iliyo chini mno ni onyo. Bima ndogo ya gari dogo la binafsi imezoeleka kuwa 118,000, yaani 100,000 na VAT ya asilimia 18. Anayekuuzia kwa 70,000 kando ya stendi hajakupunguzia, amekuuzia karatasi. Rahisi ni ghali, na kwenye bima ughali wake unauona siku ambayo huna tena uwezo wa kuulipia.

2. Usikae bila bima hata siku moja.

Kwa gari ni kosa la jinai. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila anayeendesha gari barabarani awe na bima inayomlinda mtu mwingine anayeweza kudhurika. Hakuna msamaha wa "nilikuwa nahama". Kutoka Kisarawe hadi Gongo la Mboto unapishana na daladala, bodaboda, malori ya kokoto na watoto wa shule wanaovuka. Ukimvunja mtu mguu siku moja baada ya bima kwisha, gharama za matibabu na fidia ni zako, na nyumba yako ndiyo itakayotazamwa na mahakama.

Kwa nyumba hakuna askari wa kukukamata, na ndiyo maana pengo la nyumba huwa refu zaidi. Watu wanasema "wiki ijayo", wiki inakuwa mwezi, vuli inaingia. Radi haisubiri mshahara.

3. Usikatishe bima katikati ya mwaka bila kupiga hesabu.

Umetumia miezi 6, ukadhani utarudishiwa nusu ya ada. Mara nyingi hurudishiwi nusu. Mikataba mingi inasema mteja akivunja mwenyewe, kampuni inajihesabia muda uliotumika kwa kiwango cha bima ya muda mfupi, ambacho ni cha juu kuliko mgao wa mwezi kwa mwezi. Na kama umeshadai fidia ndani ya mwaka huo, usitarajie kurudishiwa chochote. Piga hesabu: utakachorudishiwa, toa ada mpya, toa nauli na muda wako. Kama kampuni unayoiacha haijakukosea kwa jambo zito, subiri mwaka wake uishe.

4. Usifiche ukweli kwenye fomu mpya.

Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloua madai mengi. Bima inasimama juu ya ukweli mtupu wa anayeomba. Kampuni haiji kukuchunguza siku unapolipa ada. Inakuja kukuchunguza siku unapodai. Ikikuta uongo, inayo haki ya kukataa, na sheria iko upande wake.

Gari uliloliandikisha kuwa la matumizi binafsi halafu linafanya mchomoko kwenda Maneromango kila alfajiri, siku likipata ajali na abiria wanne wanaolipa nauli, huna bima. Gari unalomkodisha jirani kwenye harusi, sema. Kijana wako anayeliendesha akiwa na leseni changa, sema. Ajali ya miaka miwili iliyopita uliyolipwa na kampuni nyingine, sema. Ulishakataliwa bima mahali? Sema pia.

Kwa nyumba, sema kama chumba cha mbele ni duka, kama uani mnahifadhi mkaa wa kuuza, kama mnauza petroli ya kupima kwa chupa, kama banda la jiko limeezekwa makuti na limeshikana na nyumba kubwa. Na nyinyi mnaoishi Dar es Salaam mkajenga Kisarawe, sikilizeni vizuri. Nyumba nyingi huku zimekamilika hadi rangi, zina geti, zina mlinzi anayekuja jioni, lakini hakuna anayelala ndani. Mikataba mingi ya bima ya nyumba ina kikomo cha siku ambazo nyumba inaweza kukaa bila mtu, mara nyingi siku 30 mfululizo, na baada ya hapo wizi au uharibifu haulipwi. Ukijaza kwamba "tunaishi humo" wakati unakuja Jumapili kufagia majani, umejinyima fidia kwa kalamu yako mwenyewe. Sema ukweli, ulipe ada inayolingana na ukweli huo, ulale.

5. Usisaini fomu isiyojazwa.

Wakala akisema "weka sahihi hapa, mengine nitajaza mimi", chukua fomu yako uondoke. Atakayoyajaza yatahesabiwa kuwa maneno yako.

6. Usiikatie nyumba moja bima mbili ukidhani utalipwa mara mbili.

Fidia inakurudisha ulipokuwa kabla ya hasara, haikutajirishi. Ukiwa na bima mbili za jengo moja, kampuni zitagawana hasara hiyohiyo moja, na kabla ya kugawana zitavutana huku wewe umelala kwa shemeji. Ukishapata hati mpya, ya zamani iishe au isitishwe kwa maandishi.

7. Usilipe kwenye namba ya simu ya mtu.

Ada ilipwe kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la kampuni, au kwa wakala aliyesajiliwa anayekupa risiti halali ya kielektroniki papo hapo. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujabonyeza namba ya siri lisome. Likiwa jina la mtu binafsi, acha. Na usikubali ahadi ya "nitakulipia, utanipa mwisho wa mwezi". Bila ada hakuna bima. Asiyelipa hana mkataba, hata akiwa rafiki wa meneja.

8. Usidhani una bima ambayo huna.

Makato ya kodi ya jengo unayoyaona ukinunua umeme wa LUKU ni kodi. Nyumba ikiungua hayakupi hata bati moja. Bima ndogo ya gari inamlipa uliyemgonga; gari lako likibondeka utalitengeneza mwenyewe. Bima ya mkopo inayolipa deni mkopaji akifariki haijengi nyumba iliyoanguka. Ukihama kutoka bima kubwa kwenda ndogo ili kupunguza ada, hama ukijua umeondoka na nini na umekiacha nini.

Na mwenye kusafiri na gari nje ya nchi ajue kwamba Kadi ya Njano ya COMESA hutolewa kwa kufuata bima yake ya gari. Ukibadilisha kampuni, omba kadi mpya kabla ya kufika mpakani.

9. Usisaini kupokea fidia pungufu ili tu uondoke.

Kama una madai yanayoendelea kwenye kampuni ya zamani, kuhama hakuyafuti, na kampuni haina haki ya kukuchelewesha kwa sababu umeondoka. Lakini ukisaini hati ya kumaliza madai kwa nusu ya unachostahili, umemaliza kweli. Ipeleke kwanza kwa mtu anayejua sheria. Endelea kudai na barua zako, ripoti ya polisi, na PF3 kama kuna aliyeumia.

10. Usihame kimya kimya ukiwa umedhulumiwa.

Wengi wanasema, "Nimewaachia Mungu, nahamia kwingine." Kuhama hakulipi fidia unayodai. Andika malalamiko kwa kampuni, udai jibu la maandishi. Wakikaa kimya au wakikujibu ovyo, peleka TIRA, na kama mgogoro haujaisha nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na sheria kwa ajili ya mtu wa kawaida asiye na fedha za wakili. Unayenyamaza unamwachia jirani yako kampuni ileile iliyokudhulumu wewe.

NENO LA MWISHO

Watu wa Kisarawe na Kibaha wanajenga kidogo kidogo: tofali mia mwezi huu, mifuko kumi ya saruji baada ya mavuno ya korosho, bati baada ya mkopo wa SACCOS. Nyumba ya namna hiyo haijengwi mara mbili katika maisha ya mtu mmoja. Gari nalo, kwa familia nyingi, ndilo linalobeba mgonjwa usiku na mazao asubuhi. Mali kama hizo hazistahili kuhamishiwa kampuni mpya kwa dakika tano za simu.

Hama ukiwa na sababu, makadirio ya fundi, majibu ya maandishi, risiti yenye jina la kampuni na stika uliyoihakiki mwenyewe. Ukikosa kimojawapo, usihame mwezi huu. Huisha bima uliyo nayo, ujipange kwa mwaka ujao. Na kama hujui hati yako ya sasa iko wapi, basi kazi yako ya leo, kabla ya kulala, ni kuitafuta na kuisoma.